Dada Hajasema Anakwenda, Sanduku Limejaa

Nilimaliza sekondari nikiwa na mvi. Sisemi mvi mbili tatu za kuvizia nyuma ya sikio. Nasema mvi za kumfanya mlinzi wa shule anifungulie mlango mbio akidhani mkuu wa shule kafika. Mchana nilikuwa naosha mabasi, jioni nasoma. Mabasi niliyoyaosha mimi katika jiji hili la Stockholm, yakipangwa mstari mmoja, la mbele litakuwa hapa mtaani kwangu Vårby gård na la nyuma litakuwa kwetu Muheza linapakia machungwa. Na bado nikifika darasani nilikuwa na nguvu za kubishana.

Somo langu la mwisho lilikuwa historia, na muhula ule tulipewa mada moja ndefu: watu waliohamia Amerika tangu zamani mpaka leo, nani alikwenda wakati gani, na kwa nini waliofuata hawakufanana na waliotangulia. Hebu tazama mambo hayo. Darasa zima ni la watu waliohama kwao, tumekaa shuleni Vällingby na vikombe vya kahawa, tunasoma habari za watu wengine waliohama kwao. Nililipenda somo lile kuliko masomo yote niliyowahi kusoma, ingawa kwa haki niseme sikuwa nimesoma mengi.

Sasa, ghorofa moja juu ya yangu aliishi dada yangu mkubwa, na ndani ya kabati lake, katikati ya mashuka, kulikuwa na pasipoti yenye viza ya ukaazi wa Amerika. Mwanawe wa pekee, mpwa wangu, aliolewa Minnesota, akapata uraia wa huko, akamwombea mama yake. Maombi yalikaa muda mrefu hadi tukayasahau, halafu siku moja yakajibiwa. Viza ilikuwa na mwisho wake: asipoingia Amerika kabla ya kiangazi kuisha, inakufa, aanze upya na umri wake ule. Na mpwa wangu alikuwa mjamzito, mimba ya kwanza. Kwa hiyo swali nyumbani kwetu lilikuwa moja tu: dada anakwenda au anabaki? Mwenyewe hasemi. Ukimuuliza, anakuuliza kama umekula.

Mimi nilitaka abaki. Sitaki kujifanya nilikuwa katikati.

Dada ndiye aliyetangulia Uswidi. Alikuja msichana, kusomea uuguzi, enzi ambazo Waafrika wa Stockholm walikuwa wachache hivi kwamba, kwa maneno yake, wakikutana wawili barabarani wanakumbatiana kwanza ndipo waulizane wanatoka nchi gani. Mimi aliniita baadaye sana. Alinipokea uwanja wa ndege ameshika koti mikononi, akanivalisha mwenyewe, akanifunga zipu hadi kidevuni mbele za watu, mimi mwanamume mwenye ndevu zangu. Tangu siku hiyo sikuwahi kuishi mbali naye kuliko ngazi za ghorofa moja. Alikuwa na desturi ya kugonga kwa kijiko bomba la kupasha nyumba joto, lile linaloshuka hadi kwangu. Akigonga mara moja, chai iko tayari. Akigonga mfululizo kama mtu anayefukuza nyani shambani, hiyo ni pilau, na mimi napanda zile ngazi kwa kasi ambayo sijawahi kuionyesha kazini.

Mwalimu wetu wa historia alikuwa mama wa Kiswidi kutoka Småland, kusini mwa nchi, mrefu kiasi kwamba nadhani mvua ya Vällingby ilimpata yeye kwanza, sisi baada ya dakika kadhaa. Alisema polepole, na alipenda kuanzia kwao. Alitueleza jinsi Waswidi zaidi ya milioni walivyoondoka nchi hii wakaenda Amerika, watu wa mashamba yenye mawe mengi kuliko viazi, wakisikia kwamba Minnesota kuna ardhi isiyo na mwenyewe. Akasema pia kwamba ilikuwa na wenyewe, ila hawakuulizwa.

"Baada ya hao," akasema, "wakaja wengine. Waitaliano, Wapolandi, Wayahudi wa Urusi. Na waliotangulia wakaanza kulalamika kwamba wageni wamezidi."

Darasa likacheka kicheko cha watu wanaojua wanachokicheka.

Akatuchorea ubaoni: hapa mlango uko wazi, hapa miaka ya ishirini unabanwa, kila nchi inapewa nafasi zake, wa kaskazini mwa Ulaya wanamegewa mnofu, wengine wanaachiwa mifupa. Hapa miaka ya sitini sheria inabadilishwa, na sura za watu wanaoingia nazo zinabadilika: Waasia, watu wa Mexico na chini yake, Waafrika. Siku hizi, akasema, wengi wanaopata ukaazi hawafuati shamba; wanaombewa na ndugu aliye ndani tayari.

"Huyo ni dada yangu!" nikapiga kelele.

"Wewe Tanzania, tulia," akasema jirani yangu wa dawati. "Watu wanasoma."

Huyu alikuwa mzee wa Kiganda anayeishi Tumba, kitongoji cha kusini mwa jiji. Aliikimbia nchi yake zamani, wakati mtu analala mzima na asubuhi hajulikani alipo. Kiswahili alikiokota Nairobi akiwa njiani, kikawa kinatosha kwa ugomvi na kwa utani, navyo ndivyo tulivyovihitaji. Yeye aliniita Tanzania, mimi nilimwita Uganda, na tulipokosana tuliwakosanisha watu milioni kadhaa bila wao kujua.

Majira ya kuchipua yalipoanza, dada akasema anataka sanduku kubwa la kuhifadhia makoti ya baridi chini ya kitanda. Makoti! Narudia neno hilo kwa sababu historia yote iliyofuata ingekuwa nyingine kama watu wangejua habari ya makoti. Kulikuwa na duka Vällingby lililopunguza bei, basi tukaenda pamoja kabla ya kipindi changu, akachagua sanduku la buluu la magurudumu, kubwa hivi kwamba mtu mnene angeweza kuingia na mto wake akalala. Tulikuwa tunalivuta pale uwanjani mbele ya maduka, mimi nalisukuma nyuma, yeye anavuta mbele, tukakutana na Uganda anakuja darasani.

"Shikamoo mama," akamwambia dada, ingawa walilingana.

"Marahaba, baba. Hamjambo Tumba?"

"Hatujambo." Akalitazama sanduku. Akamtazama dada. Akalitazama sanduku tena, kisha akasema, "Eee," akaingia darasani.

Jioni ile yote hakubishana na mtu. Hapo ningepaswa kushtuka.

Jumamosi asubuhi kengele ya dada ikalia. Mimi nilikuwa kwake nakunywa chai. Mlangoni alisimama mama mmoja wa Tumba, Mtanzania mwenzetu wa Mwanza, amebeba mfuko unaonuka ziwa.

"Shoga, yaani nimesikia nikasema siyo wewe! Unaondoka kimya kimya?"

"Naondoka wapi?"

"Haya, mfiche mwingine. Huyu mdogo wangu yuko Minneapolis, huko huko Minnesota kwa mwanao, mwaka wa ngapi sijui hajatia dagaa mdomoni. Nimekuwekea kidogo tu."

Kidogo tu. Dagaa wale walitoka Mwanza wakaja Tumba, kutoka Tumba wakaja Vårby gård, na sasa walikuwa wanakata tiketi ya Minneapolis. Walikuwa wamesafiri kuliko mabalozi.

Nilimtazama dada nikisubiri aseme haendi. Akaupokea mfuko kwa mikono miwili, akasema, "Asante, nitaufikisha."

Anayejua watu wetu hahitaji kuelezwa, lakini nitaeleza. Kwetu mtu akisafiri, mizigo ya watu inasafiri naye. Hawaombi ruhusa, wanaleta. Na kuukataa mzigo ni kumkataa aliyeuleta, pamoja na ndugu yake aliyekaa huko mbali akiusubiri. Kwa hiyo mtu anaweza kukosa nafasi ya viatu vyake mwenyewe, lakini unga wa jirani utafika. Ila kwa kawaida msafiri anaanza kwa kusema anasafiri, ndipo mizigo ije. Hii ya mizigo kutangulia nilikuwa sijaiona.

Wakaja. Jumamosi ile, Jumapili, na katikati ya wiki baada ya kazi. Mama wa Kikongo wa jengo la pili alileta samaki wa chumvi aliyekunjwa kama gazeti. "Mama, njo kadogo tu, ni ya mtoto ya dada yangu," akasema, na huyo mtoto, tulivyofahamu baadaye, alikuwa na watoto wanne. Mwingine akaleta doti za khanga. Mwingine kahawa ya Kiswidi, kwa sababu ya Amerika eti ni maji ya kuoshea kikombe. Mke wa Uganda akapanda treni kutoka Tumba na sufuria yenye mfuniko, nzito kama ahadi za wanasiasa, kwa ajili ya binamu yake anayeoa Saint Paul. Kila mzigo ulikuwa na karatasi juu yake, jina na mtaa. Dada alivipanga vyote ndani ya sanduku la buluu, kwa sababu sebule ilikuwa imejaa. Makoti yakabaki juu ya kiti, yamekaa kama wageni ambao hawajakaribishwa.

"Lakini dada," nikamwambia, "waambie ukweli. Sema huendi."

"Nani kakwambia siendi?"

"Basi sema unakwenda."

"Umekula?"

Nilikuwa na silaha nyingine. Mwalimu alitupa kazi ya mwisho: kila mmoja amhoji mhamaji mmoja, aonyeshe kinachomsukuma atoke alipo na kinachomvuta aende anakokwenda, kisha aje kulieleza darasa. Nikajiambia hapa hapa. Nitamhoji dada kisomi, mwenyewe ataona kwamba Uswidi haimsukumi, na jambo litaishia jikoni.

Nilipanda na kalamu. Dada alikuwa anachambua mchele.

"Swali la kwanza. Kinachokusukuma utoke Uswidi ni nini?"

"Nani kasema natoka?"

"Ni swali la shule, dada."

"Basi andika hakuna. Pensheni yangu naipata, daktari wangu ananijua, mume wangu nimemzika hapa. Kila mtu wa jengo hili nimempima presha. Andika hakuna."

Niliandika HAKUNA kwa herufi kubwa, nikapigia mstari. 

"Na kinachokuvuta?"

Alitoa jiwe moja kwenye mchele, akaliweka ukingoni mwa sinia. Hapo hapo simu yake ikaita, mpwa wangu huyo kwenye kioo, amekaa kitini, tumbo limejaa picha yote. Alizaliwa hospitali ya Huddinge, akalelewa hapa, na mpaka leo mama yake akimsemesha Kiswahili yeye anajibu Kiswidi. Alizungumza habari za daktari, za joto, za miguu kuvimba. Kisha akasema, "Mamma, snälla," maana yake mama tafadhali. Aliponiona akaleta Kiswahili chake kile cha kupanda mlima. "Mjomba, mwambie basi."

"Namwambia," nikajibu, na simu ikakatika. Sikusema namwambia nini.

Dada akarudi kwenye mchele.

"Mimi nilimzaa huyu hapa," akasema, "mama yetu yuko Muheza. Wauguzi walinihudumia vizuri, siwezi kuwasema. Lakini nilirudi nyumbani siku ya tatu, theluji imefika dirishani, na hakuna mtu wa kunikanda tumbo kwa maji ya moto. Hakuna wa kunipikia uji wa pilipili manga. Mume wangu masikini alijaribu, akaniunguza." Akacheka. "Nilijikanda mwenyewe, nimekaa ukingoni mwa beseni la kuogea, nalia, mtoto naye analia. Nikasema huyu wangu akizaa hatajikanda."

Kalamu ilikuwa mkononi mwangu.

"Hilo niliandike upande gani," nikamuuliza, "wa kusukuma au wa kuvuta?"

"Wewe ndiye msomi."

Sikuliandika popote. Nilishuka kwangu, nikagundua kwamba hoja yangu kubwa ya kumbakiza dada ilikuwa ni pilau.

Siku ya kulieleza darasa tuliruhusiwa kualika wageni. Nilimwomba dada aje, nikamwomba na sanduku lake pia, liwe kifaa cha kufundishia. "Chukua," akasema, "ila usinimwagie mzigo wa mtu." Tulilipandisha treni Vårby gård. Lilikuwa zito hivi kwamba behewa liliinama upande wetu, na naapa dereva alitazama nyuma. Pale stesheni kuu tulipobadilisha kupanda treni ya njia ya kijani iendayo Vällingby, vijana wawili walijitolea kulibeba, wakaliacha baada ya hatua chache, wakaomba radhi.

Niliomba meza tatu mbele ya darasa. Ya kwanza niliweka picha ya kasha la mbao la wahamaji wa Kiswidi, limechorwa maua, jina la mwenyewe limeandikwa ubavuni, na neno Nordamerika. Ya tatu niliweka sanduku la dada. Ya katikati ilikuwa ni wazo la Uganda. Nilipokuwa nafanya mazoezi mbele yake wakati wa kahawa, nimejaa Waswidi na Waitaliano, alinikatiza.

"Wewe Tanzania, na wale wetu wa minyororo? Hao walifika Amerika kabla ya hawa bibi zake mwalimu. Kasha lao liko wapi?"

"Hawakuwa na kasha."

"Basi weka meza, usiweke kitu. Mimi pia nilitoka kwangu na viatu tu. Najua meza hiyo."

Nikafanya hivyo. Nilieleza meza ya kwanza, darasa likafurahi. Nilipofika ya katikati nikasema hawa walipelekwa, hawakwenda, na hawakuchagua hata nguo. Watu waliitazama ile meza tupu zaidi ya walivyotazama picha yangu nzuri. Kisha nikafungua sanduku.

Harufu ya dagaa wa Mwanza na samaki wa chumvi wa Kongo ilitoka kwa pamoja, ikapanda ubao, ikapita dirishani, ikaenda kuwasalimu wanunuzi madukani. Mwanafunzi wa mstari wa mbele alirudi nyuma na kiti chake. Lakini mwalimu alisogea mbele. Aliinama akawa anasoma zile karatasi, Minneapolis, Minneapolis, Saint Paul, akashika ile kahawa ya kwao Uswidi, akacheka kwa sauti.

"Kwetu nyumbani," akasema, "kaka zake bibi wa mama yangu waliondoka wote. Watano. Na inasemekana majirani walileta jibini na mikate mpaka kasha halikufungika. Habari zao tunazo zote, nani alilima wapi, nani alioa nani. Bibi mwenyewe alibaki. Habari zake hatuna, kwa sababu hakuna aliyemwuliza." Akanigeukia. "Wewe umemhoji anayekwenda. Anayebaki ni nani?"

Nilifungua mdomo. Mimi ambaye nimewahi kumweleza mkaguzi wa tiketi historia ya Tanga yote hadi akasahau kunitoza, niligeuka nikaanza kuzinyoosha karatasi za mizigo, moja moja. Maisha yangu yote nilikuwa mtu anayeondoka. Niliondoka Muheza, watu wakanisindikiza hadi kituoni, wakapunga mkono. Mimi nilitazama mbele. Sikuwahi kujua kwamba waliporudi nyumbani walikuta kikombe changu mezani, hakina mwenyewe.

Uganda ndiye aliyeniokoa, au aliyenimaliza. Alisimama, akamwelekea dada aliyekaa nyuma.

"Mama, samahani. Sisi Tumba tunasumbuka. Unakwenda au huendi? Mke wangu ameweka sufuria humo."

Dada alinyanyuka. Alikuja polepole hadi mbele, akasimama mbele ya sanduku, akalitazama lote, akageuza kitu hiki na kile.

"Vyote hivi ni vya watu," akasema. "Humu hamna kitu changu hata kimoja."

Akalifunga. Zipu ilikwama kwenye mkia wa samaki, akaikomboa.

"Nakwenda," akamwambia Uganda. "Lakini sufuria ya mkeo inashuka."

Waliojua Kiswahili mle walipiga makofi. Wengine walinitazama mimi, na mwalimu akauliza, dada yako amesema nini? Kiswidi cha dada ni kizuri kuliko changu, angeweza kusema mwenyewe. Lakini niliulizwa mimi. Nikalisema neno lile kwa Kiswidi, mbele ya meza zangu tatu: anakwenda. Nilipewa alama nzuri. Ndiyo, nawaambia, nzuri mno.

Katika treni ya kurudi tulikaa na sanduku katikati ya magoti yetu.

"Kwa hiyo ni dagaa waliokushawishi," nikasema.

"Ni zile karatasi. Nimelala nazo chumbani wiki ngapi hizi. Kila mzigo una mtu anausubiri. Nikasema, na mimi nina wangu."

"Ungeniambia mapema."

"Ningekwambia mapema ungeacha shule. Ungesema, dada anaondoka, akili haitulii, nitamaliza mwakani. Nakujua. Mama alinikabidhi wewe hujamaliza hata darasa la saba. Nilikuwa nasubiri umalize."

Nje ya dirisha maji ya ziwa Mälaren yalikuwa yanameremeta na watu walikuwa wamevua viatu kwenye majani, kama Waswidi wafanyavyo jua likiwaonea huruma. Nikamwambia kama ningejua hivyo ningefeli kwa makusudi, ningefeli kila mwaka, ningekuwa mwanafunzi mzee kuliko wote Ulaya. Alicheka hadi akatafuta leso, kisha akaitumia leso ile kwa kazi nyingine, nami nikasoma tangazo la daktari wa meno lililobandikwa juu ya mlango.

Wiki zile za mwisho tulizitumia kupunguza. Sufuria niliirudisha Tumba mwenyewe, nikalishwa matoke kama fidia. Dada akaingiza vyake: khanga chakavu za kumfunga mzazi tumbo, pilipili manga, picha ya shemeji, na lakrisi ya chumvi ambayo mpwa wangu anaililia, pipi nyeusi ambayo mtu wa Muheza akiionja anadhani amelishwa betri. Dagaa walikwenda. Siku ile uwanja wa ndege walikuja watu wengi hivi kwamba askari alituuliza kama kuna kiongozi wa nchi anasafiri. Nikamwambia ndiyo.

Mtoto alizaliwa salama, wa kike, na mama yake alikandwa. Nina picha: beseni, mvuke, na mgongo wa dada umeinama.

Sasa anapiga simu kila Jumapili. Habari anayoipenda kuliko zote ni ya jirani yake, bibi kizee wa Kimarekani, mweupe kama maziwa, ambaye bibi yake alitoka Småland. Bibi huyo ana bendera ya Uswidi kwenye kibaraza na hajui Kiswidi hata cha kuombea maji. Aliposikia mama wa Kiafrika anamwita binti yake kwa Kiswidi kule barabarani, alishika uzio. Sasa Alhamisi anakuja kunywa kahawa, na dada yangu wa Muheza anamfundisha lugha ya babu zake. Dada anasema matamshi yake ni mabaya sana lakini ana bidii. Wakati wa Krismasi alimpeleka kwenye ukumbi wa Wamarekani wenye asili ya Uswidi akawaimbie nyimbo za Kiswidi, wazee mle ndani wakalia machozi. Na dada ni Mwislamu.

"Nawaambia mnatoka Småland," anasema, "mimi nimefika Småland, ninyi hamjafika. Wananitazama kama nimetoka mbinguni."

Mimi nikasema, dada, mwalimu wangu angesikia hayo angefuta ubao wote aanze upya.

Kisha anauliza swali ambalo anauliza kila Jumapili, na hapo sauti yake huwa inashuka kidogo. "Na wewe unakuja lini?"

Mpwa wangu aliwahi kusema kaka wa mama naye anaweza kuombewa siku moja, mama akishapata uraia, foleni yake ni ndefu tu. Nimeiangalia foleni hiyo. Kwa urefu wake, nikianza kusimama leo nitafika Minnesota nikiwa na umri wa kasha lile la mbao.

"Mimi?" namwambia. "Mimi nikija, Jumapili utampigia nani?"

Anacheka, ananiita mjinga, anaanza kunieleza alichopika. Nami naketi dirishani na simu sikioni, natazama watu wakipanda kutoka stesheni na mifuko yao, nikimsikiliza hadi mwisho, kitunguu, nyama, mchele, bila kumkatiza.